Hatasaini: jibu kwa dada wa Umoja kuhusu karatasi za mdogo wake Marekani

Swali: Wakili, salamu. Mdogo wangu alifunga ndoa kwa msajili hapa Nairobi, na miezi minane baadaye akamfuata mumewe Marekani kwa viza ya mke. Mume ni Mkenya aliyepata uraia wa kule. Miezi minne ijayo mdogo wangu atatimiza miaka miwili tangu aingie. Amepigwa mara kadhaa, mshahara wake wa kutunza wazee wote unachukuliwa, pasipoti na kadi yake ya ukaazi vimefichwa. Sasa mume anasema hatasaini karatasi za kumwongezea muda, na kwamba akithubutu kutoka atapiga simu moja tu na kesho yake atakuwa uwanja wa ndege wa JKIA na mkoba. Wazazi wanasema avumilie mpaka apate kadi ya miaka kumi. Mimi natafuta nauli ili arudi. Nani yuko sahihi? – Dada mkubwa, mtaa wa Umoja, Nairobi.

Jibu

Dada, pole, na umfikishie mdogo wako pole yangu siku mtakapopata nafasi ya kuzungumza bila sikio la tatu. Umeuliza nani yuko sahihi. Hakuna. Mume anajidai kuwa na mamlaka ambayo sheria ya Marekani ilimnyang'anya zaidi ya miaka 30 iliyopita. Wazazi wanangojea kadi ya miaka 10 kana kwamba huja yenyewe kama mvua ya masika, ilhali haiji bila ombi, na siku za kuomba zinahesabika. Nawe, kwa mapenzi yako, unatafuta nauli ambayo huenda ikamtoa mdogo wako katika nchi ambayo ana haki ya kubaki, kabla hajaitumia haki hiyo. Anaweza kutoka katika nyumba ile, akabaki Marekani kihalali, na akajiombea karatasi kwa jina lake mwenyewe, bila sahihi ya mume, bila mume kujulishwa na bila kusubiri talaka. Linalobaki ni mpangilio wa hatua, na katika mambo ya uhamiaji mpangilio ndio humwokoa mtu au kumwangusha.

Niseme mipaka yangu kwanza. Mimi ni wakili wa Mahakama Kuu ya Kenya. Naweza kukueleza sheria ya Marekani ilivyo na kukuandalia hati za upande huu, lakini siwezi kumwakilisha mdogo wako mbele ya idara ya uraia na uhamiaji ya kule, USCIS, na ajenti yeyote wa ghorofani katikati ya jiji anayekuambia kwamba yeye anaweza, usimpe hata nauli ya matatu. Wanaoruhusiwa ni mawakili wenye leseni ya jimbo mojawapo la Marekani na wawakilishi wa mashirika yaliyoidhinishwa na Wizara ya Sheria ya nchi hiyo. Kuna mtego unaowanasa Wakenya hapa: kwetu mthibitishaji wa hati, yule tunayemwita notari, ni wakili aliyekomaa kazini, kwa hiyo Mkenya anapoliona neno hilo kwenye kibao cha duka kule hudhani amefika kwa wakili. Kule ni mtu wa kawaida aliyepewa kibali cha kushuhudia sahihi, na hana ruhusa ya kumshauri mtu juu ya sheria. Wengi wamempa pesa na siri zao, wakarudishiwa fomu iliyojazwa vibaya.

Sasa tuitazame kadi yenyewe. Mtu anayepata ukaazi wa kudumu kupitia ndoa ambayo siku hiyo haijatimiza miaka 2 hupewa ukaazi wenye masharti, na kadi yake huisha baada ya miaka 2. Mdogo wako aliingia ndoa ikiwa na miezi minane, kwa hiyo yumo katika kundi hilo. Sharti hili liliwekwa mwaka 1986 ili kuzuia ndoa za kununua karatasi: katika siku 90 za mwisho kabla ya kadi kuisha, mume na mke hujaza pamoja Fomu I-751 na kuthibitisha kwamba ndoa yao ni ya kweli. Nia ya waliotunga sheria ilieleweka, ila hawakufikiria vya kutosha kwamba ile kalamu ya pili ingegeuka fimbo mkononi mwa mume mkatili. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1990, Bunge la Marekani lilirekebisha kosa hilo na kuruhusu mke au mume aliyepigwa, au aliyetendewa ukatili uliokithiri, awasilishe fomu hiyo hiyo peke yake akiomba asamehewe sharti la sahihi mbili. Mwaka 1994 ikafuata sheria ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, inayojulikana kwa kifupi chake cha VAWA, na mwaka 2000 ikapanuliwa. Jina linataja wanawake, lakini milango yake iko wazi kwa wanaume pia, na ningependa kaka zetu waliokaa kimya kwa aibu walijue hilo.

Kwa hiyo mume anaposema hatasaini, anasema kweli kuhusu kalamu yake tu.

Dirisha la siku 90 linahusu ombi la pamoja tu. Ombi la mtu peke yake kwa sababu ya ukatili linaweza kuwasilishwa wakati wowote baada ya kupewa ukaazi wenye masharti, hata leo, hata ndoa ikiwa bado haijavunjwa, na hata kadi ikiwa imekwisha, maadamu hajaondolewa nchini. Tafadhali msiyachukue maneno haya ya mwisho kuwa ruhusa ya kuchelewa. Kadi ikiisha bila ombi lolote kuwasilishwa, ukaazi wake unakoma na anaweza kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji kujieleza kwa nini asiondolewe. Ombi likiwa limepokelewa, barua ya kulipokea huurefusha uhalali wa kadi wakati wa kusubiri. Mwaka 2023 nyongeza hiyo ilipandishwa hadi miezi 48, jambo linalokuonyesha pia jinsi foleni yenyewe ilivyo ndefu. Katika kipindi hicho anaruhusiwa kufanya kazi kama kawaida. Miezi minne inamtosha mtu anayeanza wiki hii, na haimtoshi mtu atakayeanza baada ya kikao cha wazee.

Wakili wa kule atamweleza kwamba fomu hiyo ina sababu zaidi ya moja za kuomba msamaha wa sahihi ya pili: ukatili; ndoa iliyofungwa kwa nia njema lakini ikavunjika; au taabu iliyokithiri iwapo mwombaji ataondolewa nchini. Sababu ya pili huhitaji talaka iliyokamilika mahakamani. Sababu ya ukatili haihitaji talaka, na ndiyo maana naitaja ya kwanza, kwa kuwa mwanamke aliyetoka jana na mfuko mmoja wa nguo hana mahakama ya talaka karibu. Anaweza kutaja sababu zaidi ya moja kama zinamhusu.

Wazazi wako, na pengine mdogo wako mwenyewe, huenda wanafikiri kwamba ukatili unaohesabika ni ule uliovunja mfupa. Sivyo. Sheria inatambua kupigwa, na inatambua pia ukatili usioacha alama mwilini: kumtenga mtu na ndugu zake, kumnyang'anya mshahara, kumfichia nyaraka, kumlazimisha tendo la ndoa, kumtishia kila siku kwamba ataripotiwa kwa uhamiaji. Ile kauli ya simu moja tu na JKIA, ambayo mume anaiona kuwa silaha yake kubwa, ni sehemu ya ushahidi dhidi yake. Kama aliiandika katika ujumbe au kuisema katika sauti iliyorekodiwa, msiifute.

Nimefika mahali ambapo wewe, dada, unaingia kazini. Watu wa nyumbani hudhani kwamba msaada wao ni pesa, na pesa kweli husaidia, lakini katika maombi ya aina hii kilichopo Nairobi na hakipatikani popote pengine ni kumbukumbu. Mdogo wako atatakiwa kuthibitisha kwamba aliingia katika ndoa hiyo kwa nia ya kuishi kama mke, na nusu ya ushahidi huo iko katika simu na makabati yenu. Tafuta cheti cha ndoa; kama nakala yake ameificha mume, nakala iliyothibitishwa huombwa kwa msajili wa ndoa. Tafuta picha na video za siku ile, kadi za mwaliko, daftari la kamati ya harusi, orodha ya waliochanga katika harambee ya kumsafirisha, kumbukumbu za siku ya mahari na majina ya wazee waliokuwapo. Ofisa anayelisoma faili katika nchi ambayo harusi nyingi ni za watu wachache anapoona ukoo mzima umeketi chini ya hema, hahitaji kuelezwa sana kwamba haikuwa ndoa ya kununua karatasi.

Kisha kuna ushahidi wa mateso, na hapa ninyi ni mashahidi hata kama hamjawahi kukanyaga Marekani. Mara ngapi alikupigia simu usiku akilia? Ni lini uliona uso umevimba kwenye video, naye akasema ameanguka bafuni? Ni mwezi gani M-Pesa aliyokuwa akimtumia mama ilikatika ghafla, na alikueleza nini? Andika hayo katika hati ya kiapo, kwa maneno yako mwenyewe, ukitaja tarehe unazozikumbuka na ukisema wazi ulichokiona kwa macho, ulichokisikia kwa masikio na ulichosimuliwa. Kiapo cha kurasa mbili chenye mambo matano ya kweli kina uzito kuliko kurasa kumi za lugha ya kimahakama ambayo hata aliyeapa haielewi. Nimewahi kusoma viapo vitatu vya ndugu watatu tofauti ambavyo vilifanana neno kwa neno mpaka kosa la tahajia. Hati za namna hiyo huwafanya maofisa watilie shaka hata ukweli. Apishwe kila mmoja kwa kamishna wa viapo, na kila mmoja aandike lake.

Jumbe za WhatsApp zihifadhiwe pamoja na tarehe na namba zilikotoka, wala si kwa kuzinakili tu kwenye karatasi. Kwa kuwa ninyi, kama Wanairobi wote, mnachanganya Kiswahili, Sheng, Kiingereza na lugha ya mama katika sentensi moja, kila kisicho Kiingereza lazima kitafsiriwe kikamilifu, na mtafsiri atie sahihi tamko kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Si lazima awe mtafsiri wa mahakama, lakini heri asiwe mdogo wako mwenyewe, na asiwe wewe uliyeapa. Tafsiri isisafishwe. Tusi litafsiriwe tusi.

Je, lazima kuwe na ripoti ya polisi? Ikiwapo ni ushahidi mzuri, kama vile amri ya ulinzi ya mahakama, kumbukumbu za hospitali, barua ya makazi ya waathiriwa au ya mshauri nasaha. Isipokuwapo, ombi haliangushwi kwa sababu hiyo peke yake, kwa kuwa idara inatakiwa kutazama ushahidi wowote unaoaminika. Sheria inatambua kwamba anayeishi na mkatili mara nyingi hana ruhusa ya kufika kituoni. Lakini akiwa hatarini, apige 911 bila kuhofia kuulizwa habari za karatasi. Yeye ni mkaazi halali. Polisi wakifika aeleze mambo kwa utulivu na aombe mkalimani kama Kiingereza kinampotea wakati wa hofu, maana hutokea mume mwenye ufasaha akasimulia hadithi yake vizuri na mke aliyejitetea akaondoka na pingu. Likitokea hilo, asikubali kosa lolote mahakamani kabla ya wakili anayejua uhamiaji kulitazama, hata akiambiwa kwamba akikubali ataenda nyumbani siku hiyo hiyo.

Kuhusu ile simu moja tu. Mume anaweza kuipiga. Hakuna anayeweza kumzuia. Asichoweza ni kuifanya iwe hukumu. Raia hafuti ukaazi wa mkewe kwa simu, na mwenye ukaazi haondolewi bila kupewa nafasi mbele ya jaji. Zaidi ya hayo, sheria ya Marekani inawakataza maofisa kuamua jambo dhidi ya mwathiriwa kwa kutegemea tu maneno ya anayemtesa, na inawakataza kumfichulia mtu huyo kwamba kuna ombi lililowasilishwa. Mume akiuliza, hapaswi kujibiwa. Usiri huo, hata hivyo, unaifunga serikali ya Marekani; hauwafungi shangazi zenu. Nasema hivi kwa sababu nimeona siri zikivuja kutoka kundi la WhatsApp la familia ambamo mkwe mmoja alikuwa amesahaulika kuondolewa. Msianzishe kundi. Wajue watu wawili, watatu. Na ujumbe wowote unaohusu safari ya kutoka usiutume kwenye simu ambayo mume anaifungua. Mpigie akiwa kazini, au kupitia simu ya mwenzake anayemwamini.

Barua za idara ni hatari nyingine ndogo ambayo watu huisahau. Fomu ina nafasi ya anwani ya kupokelea barua, na hapo iandikwe anwani salama, ya wakili au ya shirika linalomsaidia. Bahasha moja ya USCIS ikitua katika sanduku la posta la nyumbani inatosha kumweka mashakani.

Laini ya kitaifa ya ukatili wa nyumbani kule Marekani ni 1-800-799-7233. Hupokea simu saa 24 bila malipo, ina wakalimani, na watamwelekeza kwenye makazi ya siri na mashirika ya kisheria yaliyo karibu naye. Kwa kawaida makazi hayo hayaulizi mtu karatasi kabla ya kumpa kitanda.

Turudi kwenye nauli yako. Sisemi kwamba asirudi kamwe; nyumbani ni nyumbani, na kama maisha yake yako hatarini na hakuna pengine pa kwenda, uhai unatangulia kadi. Lakini ajue anachokiacha. Akiondoka kabla ya kuwasilisha ombi, kadi ikaisha akiwa Umoja, atakuwa ameyafanya magumu sana mambo ambayo leo yangefanyika kwa bahasha moja, na akikaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila kibali cha kurudi, anaweza kuhesabiwa kuwa ameuacha ukaazi. Ushahidi, mashahidi, mahakama na mwajiri wake viko kule. Fedha ya nauli hiyo, kama unayo, ningeiweka kwa ajili ya kodi ya mwezi wa kwanza wa chumba chake mwenyewe.

Pasipoti ya Kenya isiwe sababu ya kumchelewesha. Anaweza kutoka bila hiyo, na baadaye akaomba nyingine kupitia ubalozi wetu Washington akieleza kwamba ya kwanza hawezi kuipata. Hata kadi ina namba yake katika kumbukumbu za idara, na wakili anaweza kuomba nakala ya faili. Katika sehemu nyingi polisi humsindikiza mtu kwenda kuchukua nguo na nyaraka zake. Asirudi peke yake kuzitafuta chini ya godoro.

Nina jambo moja la kuwafurahisha wazazi, kwa kuwa najua swali lao la pili litakuwa atakula nini. Mume alipomwombea viza alitia sahihi hati ya udhamini, Fomu I-864, akiiahidi serikali kwamba atahakikisha kipato cha mkewe hakishuki chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa kila mwaka. Ahadi hiyo haiishi kwa talaka. Huisha mke anapopata uraia, anapohesabiwa robo mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka 10, anapoondoka Marekani na kuacha ukaazi wake, au mmoja wao anapofariki. Kwa hiyo mume anaposema kwamba atatoa jina lake katika karatasi, hana pa kulitoa, na mke anaweza hata kumshtaki kuidai ahadi hiyo. Si kesi rahisi, na asiijengee maisha yake, lakini mume anapaswa kuijua.

Wasomaji wengine watakuwa na hali inayofanana na hii lakini si hii, nami nisingependa wachukue dawa ya mwenzao. Aliyeingia ndoa ikiwa imepita miaka 2 ana kadi ya miaka 10, na hahitaji chochote kutoka kwa mume. Aondoke akiwa na amani. Ambaye hana kadi kabisa, kwa mfano aliyeingia kwa viza ya mchumba, akafunga ndoa ndani ya siku 90, kisha mume akakataa kumwombea ukaazi, njia yake ni kujiombea mwenyewe chini ya VAWA kwa Fomu I-360, ambayo haina ada. Huyo atathibitisha kwamba mume ni raia au mkaazi wa kudumu, kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, kwamba waliishi pamoja, kwamba aliteswa, na kwamba yeye ni mtu wa tabia njema. Watoto wake wasio na ndoa walio chini ya miaka 21, hata wale aliowaacha kwa bibi yao huku Kenya, wanaweza kuingizwa katika ombi lake. Kama kuna talaka, ombi lazima liwe limewasilishwa ndani ya miaka 2 tangu talaka hiyo, nayo iwe na uhusiano na mateso. Na asiolewe tena kabla ya ombi kukubaliwa. Hapa ndipo cheti cha tabia njema cha DCI, idara yetu ya upelelezi wa jinai, huhitajika, kwa sababu idara huuliza kuhusu kila mahali mwombaji alikoishi miezi 6 au zaidi katika miaka 3 iliyopita.

Huyo ambaye hana kadi ndiye hasa asiyepaswa kupanda ndege bila ushauri. Aliyekaa kinyume cha sheria zaidi ya siku 180 kisha akaondoka anaweza kufungiwa miaka 3, na aliyepitisha mwaka mmoja, miaka 10. Ikiwa tayari amerudi, mateso yakiwa yalitokea Marekani, bado anaweza kuwasilisha Fomu I-360 akiwa hapa Nairobi.

Kuna pia lile linalotuhusu sisi kuliko wengi: kugundua, baada ya kufika, kwamba mume alikuwa na mke mwingine kijijini ambaye hakumwacha kisheria. Kwa sheria ya Marekani ndoa ya pili ni batili, na wengi hukata tamaa hapo. Wasikate. Marekebisho ya 2000 yanamlinda mke aliyefunga ndoa kwa nia njema akiamini kwamba ni halali, ikiwa kilichoibatilisha ni ndoa nyingine ya yule anayemtesa.

Kama mume si raia wala mkaazi, bali mwanafunzi au mfanyakazi wa muda, VAWA haimfikii mkewe kwa njia hii. Hapo hutazamwa viza ya U, ya wahanga wa makosa ya jinai wanaosaidia upelelezi. Haijali karatasi za mume, lakini inahitaji polisi au mwendesha mashtaka atie sahihi hati ya kuthibitisha ushirikiano huo, na viza zenyewe ni 10,000 tu kwa mwaka, kwa hiyo foleni yake ni ya miaka mingi. Ama ukimbizi, ambao maajenti hupenda kuuza, kwa kawaida huombwa ndani ya mwaka mmoja wa kuingia na humtaka mtu aeleze hatari iliyoko Kenya. Hatari ya mdogo wako iko sebuleni kwake Marekani. Anayemtungia hadithi ya kukimbia Kenya anamtafutia marufuku ya kudumu.

Na walio Uingereza wasiyatumie haya hata kidogo. Huko utaratibu ni mwingine. Mke wa raia au mkaazi wa Uingereza aliyeteswa anaweza kuombewa ruhusa ya miezi 3 yenye haki ya kupata msaada wa serikali, wakati anapojiandaa kuomba ukaazi wa kudumu. Na tangu 2024 hata yule aliyeletwa Nairobi kwa kisingizio cha likizo, akanyang'anywa pasipoti na kuachwa, anaweza kuomba kutoka hapa hapa.

Kuhusu kikao cha wazee, sikipingi. Waliokula mahari wana haki ya kuulizwa, na huenda siku moja kumbukumbu za kikao hicho zikawa ushahidi mzuri kwamba familia ilijua. Ninachoomba ni kwamba kisiitishwe kabla mdogo wako hajatoka na ombi halijapokelewa, kwa sababu mume ataitwa kujieleza, na atakayeshinda naye nyumba moja usiku huo si mzee yeyote. Vivyo hivyo, hati za mahakama zikiachwa kwa wazazi, pengine mume akiwa amefungua kesi ya talaka hapa katika mahakama ya Milimani, msizitie kabatini mkisubiri zipoe. Zipigwe picha siku hiyo hiyo na kumfikia wakili wake, maana tarehe ya talaka inaweza kubadilisha hesabu zote.

Umesema atatimiza miaka miwili baada ya miezi minne. Hesabu hiyo ni ya kukumbuka, nami nataka ya uhakika. Ukaazi wake ulianza siku aliyopita mbele ya ofisa wa uhamiaji katika uwanja wa ndege wa kule, na kadi huisha miaka 2 kamili tangu siku hiyo. Kadi imefichwa na pasipoti yenye muhuri imefichwa, lakini ninyi ndio mliomsindikiza JKIA. Fungua barua pepe yako au ya aliyelipa nauli, utafute tiketi ile, uangalie ndege yake ilitua tarehe ngapi.